Mjomba alipigana Kagera, leo analala dikoni

SWALI: Assalaam alaykum mama. Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa nje kidogo ya Wete. Mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, alikuwa mwanajeshi. Aliondoka hapa kijana, akapelekwa Kagera kupigana na Idi Amin, akaja kurudi baada ya miaka mingi, hana mke wala mtoto. Umri wake hatuujui sawasawa, lakini sabini kaipita. Usiku halali. Mara asimame ukumbini gizani, mara afungue milango yote tuliyoifunga. Watoto wanamuogopa. Mwaka jana tulimpa chumba cha nyuma karibu na jiko, kizuri tu, tukamtilia kitanda na chandarua. Hakumaliza wiki mbili. Sasa analala dikoni, kwenye banda la wavuvi, na masika hii. Wavuvi wanampa chai na samaki, na mjini tunasemwa. Nilikwenda ofisi moja ya mafao, nikazungushwa siku mbili, mwisho nikaambiwa jina lake halimo. Nasikia nchi nyengine wanajeshi wa zamani wasio na makaazi wanapewa nyumba. Hapa kwetu nani wa kumpa? Au tumpeleke nyumba ya wazee? Sisi nyumba yetu ndogo, ni ile aliyotuachia bibi, vyumba vitatu. Bibi alizaa wawili tu, yeye mjomba na mama.
Mpwa, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilipiga mstari chini ya maneno yako ya mwisho. Nitayafikia.

Tuanze na ile ofisi. Huenda hawakukudanganya, ila ulibisha mlango usio wake. Watu wengi hapa Visiwani wakisikia pencheni wanakwenda ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, na ZSSF haina jina la mwanajeshi wa JWTZ, kwa sababu ulinzi ni jambo la Muungano na pencheni za jeshi hulipwa na Hazina. Angekuwa wa vikosi vya KMKM, JKU au Valantia, hao ni wa SMZ, serikali ya Zanzibar, njia yao nyengine. Kwa hiyo la kwanza kumuuliza mjomba ni: ulivaa sare gani? La pili: uliingia kama askari wa kudumu, au ulichukuliwa kutoka mgambo? Mwaka 1978, Amin alipoivamia Kagera, jeshi letu lilijazwa watu kwa miezi michache tu likapindukia laki moja, na wengi wao walikuwa mgambo. Kampala iliingiwa Aprili 1979, vita vikaisha Juni, na wengi wakarudishwa makwao. Aliyekuwa askari wa kudumu na aliyekuwa mgambo wote walilala kwenye matope yale yale, lakini haki zao kwenye makaratasi si sawa. Usimpe mzee tamaa ya pencheni ya jeshi kabla hujalijua hili.

Muulize pia namba yake. Askari wa JWTZ hupewa namba inayoanza na MT. Anaweza kusahau mwaka aliozaliwa, akasahau jina lako wewe, lakini ile namba mara nyingi wanaitaja kama wanaitikia jina kwenye gwaride. Iandike pale pale. Tafuta na karatasi: cheti cha kuachiwa jeshi, barua yoyote yenye mhuri, picha yenye sare, nishani kama anayo. Kwenye sanduku la marehemu bibi umeangalia? Mama zetu wakihifadhi vitu hivyo chini kabisa, pamoja na kanga za arusi. Ukishayapata, nenda naye kambi ya jeshi ya Vitongoji, ukaulize kesi yake ianzie wapi. Uliza pia habari za MUWAWATA, umoja wa wanajeshi wastaafu, maana mwenziwe wa zamani hufungua mdomo wake pale ambapo wewe na mimi hatufungui. Akitokea kishoka kukwambia mpe hela akufuatilizie Dodoma, mtilie chai anywe, umuage.

Wakati hilo linakwenda polepole, na litakwenda polepole, kuna moja jepesi: Pencheni Jamii. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa ikafika 50,000, kwa kila mkaazi wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70. Haiulizi ulifanya kazi wapi wala haipimi umasikini. Lakini inataka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na mtu anayelala dikoni kitambulisho chake nakijua kilipo: kimeoza mfukoni au kimekwenda na maji. Anza kwa sheha, sheha akuandikie, uende ofisi ya Wakala wa Usajili. Nenda naye mwenyewe, usiende kumsemea.

Sasa nyumba ya wazee. Hapo Wete mnayo Limbani, na Unguja kuna Sebleni na Welezo. Nimefanya kazi ustawi wa jamii miaka 31, nyumba hizo nimezikanyaga, na sioni aibu mzee kukaa huko. Lakini zimewekwa kwa asiye na mtu. Ofisa atakuja kukuuliza, huyu ana watu? Ana nyumba?

Hapa ndipo penye ule mstari nilioupiga.

Umeandika nyumba ni ile "aliyotuachia bibi". Bibi yako alizaa mtoto mwanamme na mtoto mwanamke. Kama alipofariki hakuacha mrithi mwengine, hakuacha mume wala mzee wake yu hai, basi baada ya deni na wasia, mali yake ni mafungu matatu: mawili ya mjomba wako, moja la mama yako. Fungu la mama ndilo lililokufikieni nyinyi. Mwanangu, mjomba hakukosa nyumba. Nyumba anayo, mnakaa nyinyi. Sisemi mmemdhulumu, najua ilivyokuwa: yeye alikuwa bara, nyinyi ndio mlioezeka upya, mliomuuguza bibi, mliopaka chokaa kila Ramadhani. Hayo nayo yana hesabu yake na yazungumzwe. Lakini mirathi haifi kwa sababu mwenyewe hakuwepo. Nendeni kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, muulize, muandikiane. Na usimpeleke Limbani kabla ya hapo, kwa sababu siku moja atakuja mtu kuuliza kwa nini mwenye theluthi mbili yuko nyumba ya wazee.

Kuhusu chumba chenyewe. Marehemu mume wangu naye alikuwa huko Kagera. Alirudi 1979, mzima wa viungo, na mwaka mzima hakulala kitandani kwetu. Akitandika busati ukumbini, miguu kaielekeza mlangoni. Mimi nilikuwa bibi harusi bado, nikaona kanichukia. Mama mkwe akasema kapandwa na shetani, akaleta fundi na ubani. Siku moja nilikuwa nafagia, nikasogeza kitanda ili nipate chini, nikakiacha kinatazama mlango badala ya dirisha la uani. Usiku ule alikuja akalala. Hakusema kitu na mimi sikumuuliza. Kitanda hakikurudi mahali pake mpaka anakufa.

Chumba cha nyuma karibu na jiko ni chumba kizuri kwako wewe. Kwake yeye ni shimo: haoni njia, haoni nani anaingia, na alfajiri watu wanapita nyuma ya kichwa chake wakigonganisha masufuria. Dikoni anaona pande zote, ndiyo maana analala. Mpe chumba cha mbele. Kama hakuna, chukueni kipembe cha baraza mkizibe kwa matofali, bati mbili tatu juu, dirisha la njiani, mlango wake mwenyewe wenye komeo la ndani, na ufunguo akae nao yeye. Usiweke masharti ya "ukitulia tutakupa". Mpe kwanza, kutulia kutafuata, na kusipofuata basi angalau hanyeshewi. Watoto waelezwe kwamba babu anaamka usiku kwa sababu alikuwa akilinda. Na umpeleke hospitali umueleze daktari habari ya vita, maana yeye mwenyewe atasema ana homa tu. Ukiambiwa aende Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili Unguja, usishituke, ni hospitali kama nyengine.

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Kaka yangu alipata bahati nasibu ya viza ya Marekani, akaingia jeshi la huko, akaenda Iraq. Sasa ameachana na mkewe, yuko Columbus, Ohio, na tumegundua analala garini. Hataki kurudi Zanzibar, anaona haya. Sisi huku tumfanyie nini?
Dada mtu, Mwanakwerekwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyu yuko mahali penye msaada kuliko mjomba wa Wete, bora autake. Marekani ilipohesabu Januari 2024 ilikuta wanajeshi wa zamani 32,882 hawana makaazi. Mwaka 2010 walikuwa zaidi ya 74,000, kwa hiyo kuna kitu kimefanya kazi. Wana mpango unaoitwa HUD-VASH: wizara ya nyumba inalipa sehemu kubwa ya kodi, mwenyewe anachangia kama asilimia 30 ya kipato chake, na idara ya wanajeshi wa zamani, VA, inampa mtu wa kumfuatilia, kumpeleka hospitali, kumsaidia kutafuta kazi. Hawamwambii apone kwanza ndiyo apewe ufunguo. Kama shida ni kodi ya kuanzia tu, upo na mpango mdogo, SSVF, wa kumshika mkono kwa muda.

Anayelala garini kwao anahesabika hana makaazi, asidhani mpaka awe barabarani. Simu ya VA ni 877-424-3838, bure, mchana na usiku. Aitafute karatasi yake ya kuachiwa jeshi, wanaiita DD 214. Kama imepotea, aombe nakala, kumbukumbu zao zinawekwa St. Louis. Kama aliachiwa kwa vibaya asijifungie mlango mwenyewe, apige hivyo hivyo aulize, maana si kila aliyeachiwa vibaya ananyimwa. Na ukimsikia anazungumza habari za kujimaliza, apige 988 kisha abonyeze 1. Hilo umwambie leo.

Nyinyi huku msimpelekee hela. Na picha ya mama analia pia msimpelekee, najua mshafikiria. Haya yake yanatoka kwetu: tulimuagia uwanja wa ndege kwa madufu, tukangoja arudi na kontena. Mpigie wewe peke yako, umtajie hiyo namba, umuulize amekula nini. Columbus wako nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea majira, kwa hiyo ukimpigia saa 3 za usiku, kwake ni mchana, gari ishapata jua. Alfajiri yetu usimpigie. Kwake ndio usiku unaanza, na pengine anatafuta pa kuegesha.