Usitume hiyo laki tatu

Mkuu, umeuliza kama utume laki tatu ya "kushika nafasi" ili dogo akasome diploma ya umeme kwenye hicho chuo. Usiitume. Dogo kamaliza kidato cha nne ana pasi nne zisizo za dini, Fizikia na Hesabu zimo. Hiyo nafasi ni ya kushikwa na nani tena?

Umeandika "chuo kimesajiliwa, cheti nimekiona ukutani". Aisee! Chuo changu nacho kilikuwa na cheti hicho, kimetundikwa mapokezi, fremu yake kali kuliko ya picha ya Rais. Hakuna aliyeniambia kwamba NACTVET, lile baraza la taifa la elimu ya ufundi, chuo wanakisajili, halafu kila kozi inaidhinishwa kivyake, na kwa ngazi yake. Wale jamaa walikuwa na kibali cha kozi za biashara na kompyuta tu. Kozi ya umeme, niliyosoma mimi, "tunafuatilia". Wamefuatilia mpaka tumemaliza diploma.

Naomba shahada, chuo kikuu kinataka AVN, ile namba ya NACTVET ya kuhakiki diploma. Naingia kwenye mfumo, mfumo haunijui. Matokeo yetu hayakuwahi kupelekwa, yangepelekwa wapi na kozi haipo? Mzee alishauza shamba. Nageukia leseni ya ufundi umeme kwa EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, nako wanataka cheti kinachotambulika. Sasa navuta waya nyumba nzima, fomu ya TANESCO anasaini mwenye leseni, na hela ya maana anaondoka nayo yeye.

Na yule wakala aliyekuja shuleni na tai, mwalimu wa taaluma akampa kipindi kizima! Kumbe analipwa kwa kichwa. Nikikutana naye nitamsalimia, mama alinilea vizuri, ila chai analipa yeye.

Ingia tovuti ya NACTVET, shusha mwongozo wa udahili wa mwaka huu. Ukiliona jina la chuo usishangilie, shuka mpaka kwenye kozi yenyewe: inaitwaje, ngazi gani (NTA 4 mpaka 6, yaani kuanzia cheti mpaka diploma), sifa gani, ada ngapi. Umeme haumo? Pochi ibaki mfukoni. Wakikwambia kibali kinatoka mwakani, na wewe utalipa mwakani. Humo humo utaiona DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) na Chuo cha Ufundi Arusha, na kama dogo anataka kushika bisibisi mapema, VETA, vyuo vya ufundi stadi, ipo.

Nadhani uliuliza na hosteli, sijui na umeme au magari kipi kina hela. Hayo baadaye. Weka hapa jina la kozi kama lilivyo kwenye barua ya udahili, herufi kwa herufi, nikuangalizie usiku huu.