Ukiuza Nyumba, Usihame na Rimoti ya LUKU

Usiku wa kwanza kwenye nyumba tuliyonunua Kimara tulilala gizani. Mtaani umeme ulikuwepo. Sisi uniti zilikuwa zimeisha, mita iko juu ya nguzo, na rimoti ya LUKU, kile kidude cha kubonyezea tarakimu 20 za tokeni, haikuwepo ukutani. Nikampigia mzee aliyetuuzia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Rimoti? Ee, ngoja nimuulize mama yako."

Ilipatikana Tanga, ndani ya ndoo ya vijiko na vikombe. Wakaituma kwa basi, nikaipokea stendi kesho yake jioni. Na hata umeme ulipoingia hatukuona kitu, maana balbu zote zilikuwa zimefunguliwa. Mtu kauza nyumba kwa mamilioni, halafu anapanda stuli kufungua balbu! Mpaka leo sijamwelewa.

Kilichoniuma zaidi ni simtanki. Tulipokwenda kuona nyumba lilikuwepo, la lita 2,000, limekaa juu ya mnara wake na mabomba yameungwa. Siku ya kuhamia tukakuta mnara mtupu. Kwangu mimi lile tangi lilikuwa nyumba. Kwa mzee lilikuwa mali yake, sawa na kitanda. Sheria ya Ardhi ya 1999 inahesabu kama ardhi majengo na vitu vilivyojengewa juu yake kwa kudumu, pamoja na mimea inayoota hapo. Ila tangi la plastiki lililokaa tu juu ya zege mnaweza kubishania mpaka mvua za masika. Dalali akasema, "Mngeandikishana." Kwa hilo tu alikuwa sahihi. Kabla hujatoa hata senti ya utangulizi, zungukeni nyumba pamoja, chumba kwa chumba, na mkataba utaje kinachobaki: feni, viyoyozi, hita ya bafuni, pampu ya kisima, fimbo za mapazia, tangi. Ukiwa muuzaji na unataka kuondoka na kitu, kitoe kabla wateja hawajaanza kuja kuona.

Mwezi wa tatu choo kikagoma. Gari la majitaka likaja, dereva akauliza mfuniko wa karo la choo uko wapi. Nikampigia mzee tena. "Hesabu hatua nne kutoka kwenye mpapai." Mpapai tulishaukata! Vijana walishinda wanang'oa pevingi za maegesho, mfuniko ukaonekana saa kumi jioni, nami nikalipa siku nzima ya gari.

Kwa hiyo miaka sita baadaye, nilipoiuza nyumba ile ile, nilikaa chini na daftari la shule. Nikachora karo lilipo kwa kupima mita kutoka pembe ya ukuta, maana ukuta haukatwi kama mpapai. Nikachora bomba linapopita na koki kuu ya kufungia maji. Nikaandika namba za fundi bomba na fundi umeme wanaoijua nyumba, nikiwa nimewaomba ruhusa. Rimoti niliifunga kwa utepe kwenye funguo za geti. Kwenye bahasha nikaweka ramani, kibali cha ujenzi, stakabadhi za kodi ya ardhi na bili ya mwisho ya maji. Umeme nao nilinunua mwenyewe kabla ya kukabidhi, kwa sababu tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na nyumba ikikaa miezi bila kununuliwa umeme, deni linamsubiri atakayenunua kwanza.

Takataka ondoka nazo, godoro bovu si zawadi. Ila boksi moja la vigae vilivyobaki liache. Kigae kikipasuka baada ya miaka mitano, rangi ile dukani haipo tena.

Kulikuwa na mwembe uani. Desemba yetu ya kwanza walikuja wajukuu wa mzee na kapu: "Babu kasema tuje kuchuma." Tuliwaachia, ingawa mke wangu alinuna wiki nzima. Mimi nilipouza nilimwambia mnunuzi wazi kwamba mwembe ni wake, na matunda yake. Desemba alinitumia picha ya ndoo iliyojaa maembe, akaandika, "Karibu uchukue." Sijaenda.