Maswali ya Wasomaji: Shhh Kwenye Gitaa, Ninunue Priampu?

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Narekodi nyimbo chumbani kwangu Jinja kwa maiki ya Shure SM58 na kadi ya sauti ya njia mbili (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta). Nikiimba, sauti ni safi. Nikirekodi gitaa la kawaida lisilo la umeme, lazima nipandishe gaini (kiwango cha kukuza sauti) karibu mwisho, na shhh inajaa. Rafiki anasema ninunue priampu ya nje, yaani kifaa cha kukuza umeme mdogo wa maiki. Ipi?

JIBU: Usinunue kwanza. Acha gaini pale pale unapoiweka kwa gitaa, funga maiki kwa blanketi mbili, isukume chini ya godoro, kisha rekodi sekunde 30. Shhh ikipungua sana, mkosaji ni chumba chako: feni, mabati yanayotanuka juani, boda boda za nje. Priampu ya bei mbaya itakuletea kelele hizo hizo. Isipopungua, basi kweli inatoka kwenye mitambo.

Lakini hata hapo, tazama hesabu. SM58 hutoa takriban milivolti 1.85 ikipokea sauti ya desibeli 94, kiasi ambacho mwimbaji aliye karibu hukifikia bila shida. Gitaa linalopigwa kwa vidole taratibu, maiki ikiwa mbali kidogo, laweza kuwa na desibeli 70 tu, na maiki ikatoa kama sehemu moja ya 16 ya umeme ule. Upande wa pili, maiki yoyote ya omu 150 ina shhh yake ya kuzaliwa, inayoletwa na joto, karibu dBu -131 (dBu hupima nguvu ya umeme wa sauti; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo shhh inavyokuwa ndogo). Kadi yako ikiandikwa EIN (kipimo cha shhh ya priampu iliyo ndani ya kadi) ya -128, priampu bora kuliko zote duniani itakupunguzia desibeli 3 tu. Utalipa mamilioni ya shilingi na sikio halitashtuka.

Kusogeza maiki ni bure. Kutoka sentimita 30 hadi 15 unapata karibu desibeli 6. Ielekeze pale shingo inapoungana na tumbo la gitaa, si kwenye tundu, maana tundu huleta besi inayovuma. Kilele cha sauti kikifika desibeli -12 kwenye programu ya kurekodia, inatosha. Usihangaike kugusa sifuri, ambayo ndiyo mwisho wa kipimo.

Ukiwa na pesa ya kutumia, nunua maiki ya kondensa, aina inayohitaji umeme wake na kutoa sauti yenye nguvu zaidi. Rode NT1-A hutoa milivolti 25 kwa desibeli zile zile 94, kwa hiyo gaini inashuka kama desibeli 22. Inahitaji volti 48 kutoka kwenye kadi, basi hakikisha kadi yako ina kitufe cha 48V. Ubaya wake ni kwamba inasikia kila kitu, na mvua ikianza kupiga mabati, zima kila kitu ukapike chai.

Ukiishia kununua priampu ya nje, usiichomeke kwenye tundu la maiki la kadi, kwani sauti itapita priampu mbili na kupasuka. Tumia tundu la laini (la kupokea sauti iliyokwisha kukuzwa), kwa jeki ya milimita 6.35.

SWALI: Laptopu ikiwa kwenye chaji nasikia mvumo mzito. Nikichomoa unakoma. Kadi imekufa? Msomaji, Kasese.

JIBU: Kadi ni nzima. Mvumo unapitia chaja, mara nyingi kwa sababu soketi haina waya wa ardhi unaofanya kazi. Rekodi kwa betri, kisha fundi apime waya huo. Wapo wanaokata pini ya tatu ya plagi ili mvumo uishe. Usithubutu: hitilafu ikitokea, umeme unaweza kufika kwenye maiki, na midomo yako iko hapo.