Usibishanie lita, bishania zamu

Mwaka wa kwanza niliposhika ukatibu wa jumuiya yetu ya watumia maji, huku Upareni upande wa Same, niliingia kwenye kikao cha kugawana maji ya mto na kijiji cha juu, kibali cha kutumia maji mkononi. Kina muhuri wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kimetaja lita kwa sekunde, nami nikakisoma kwa sauti kama hati ya kiwanja. Mzee mmoja wa kijiji cha juu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, hizo lita umeziona mtoni leo?"

Ilikuwa Februari. Watu walicheka, na sisi wa chini tukarudi mikono mitupu.

Kibali kina kazi yake, hasa mkifikishana mbele ya bodi. Na kama wazee wenu walichimba mfereji kabla ya vibali, jueni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua haki za kimila pia. Lakini karatasi haiongezi maji. Ukitumwa na kijiji chako kujadiliana, dai saa. Lita zinataka kipimo na mtu wa kukisoma, naye yuko Moshi, ofisini kwa bodi. Jua likizama kila mtu analiona.

Dawa yenyewe tulikuwa nayo tangu zamani. Ndiva, yale mabwawa madogo ya udongo, hujaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Basi tukapatana hivi: wa juu wanamwagilia mchana, usiku wanafunga banio lao, pale maji ya mto yanapoingilia mferejini, na maji yanateremka kwetu. Mto ukipungua, wote tunapungukiwa.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe maji yakiwa machache sana hayafiki. Mchanga unayanywa njiani, na usiku mzima ndiva inapata tope tu. Hapo ndipo penye kazi ngumu, na ndipo wengi wanaposahau kuweka kipengele. Sisi tulichora alama ya rangi kwenye jiwe la banio. Maji yakishuka chini ya alama, zamu za mchana na usiku zinakufa: wa juu wanapata siku mbili mfululizo, sisi mbili, usiku na mchana, ili angalau mkondo uwe na nguvu ya kufika. Ilitugharimu vikao vitatu, maana nani atakubali mahindi yake yakae siku mbili bila tone? Walikubali tulipoahidi kupanda huko juu na majembe yetu kusafisha mfereji wao kila kabla ya vuli na masika. Usiende kuomba maji bila kitu cha kutoa.

Kosa langu jingine lilikuwa kusahau wafugaji. Kikao cha kwanza kilikuwa cha wakulima watupu. Kiangazi kilipokolea, ng'ombe wa Wamaasai wa mbugani walikuja usiku kunywa kwenye ndiva na kubomoa ukingo. Tulitaka kushtaki. Mama mmoja wa kamati akasema ng'ombe hawasomi muhtasari wa kikao, na wenye ng'ombe hatukuwaalika. Tukamwita kiongozi wao, tukajenga birika la kunyweshea nje ya ukingo, na zamu yao ikaingia kwenye daftari.

Doria fanyeni wawili wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Ukienda peke yako, utakachokiona kitakuwa ni uongo wako. Usiku mmoja, saa nane hivi, mwenzangu wa juu alimulika tochi tukaona kipande cha mgomba kimeshindiliwa kwa udongo mfereji mzima, maji yakigeuzwa kwenye shamba la maharage. Alisimama kimya kidogo. Akavua viatu, akaingia, akachomoa mgomba.

"Andika faini," akaniambia. "Shamba ni la mdogo wangu."