Kiazi cha Njombe, chipsi za Tabata

Kila Desemba tunakwenda Njombe kwa kaka yangu. Kutoka Dar ni karibu kilomita 700, basi linaondoka alfajiri na tunafika giza limeshaingia. Mwaka juzi tuliposhuka, mama yangu alimshika mwanangu mashavu yote mawili, akamgeuza huku na huku majirani wakiangalia: "Kamwene! Jamani mjini mnakula. Tazameni mtoto alivyonona!" Siwezi kudanganya, nilivimba kichwa. Kwetu mtoto kunona ni cheti cha mama.

Pembeni alisimama binamu yake, mtoto wa kaka. Hao wawili wamepishana wiki tatu kuzaliwa, na wakati huo walikuwa na miaka 10. Wifi yangu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ana mizani na ubao wa kupimia urefu, basi kesho yake watoto wakapimana kama mchezo. Wangu: sentimita 138, kilo 43. Wa kaka: sentimita 129, kilo 27. Damu moja, pua moja, lakini ungewapiga picha usingesema ni ndugu.

Nikatoa simu, nikaingiza namba za mwanangu kwenye kikokotoo cha BMI, yaani kilo ukigawa kwa urefu wa mita mara urefu tena. Ikaja 22.6, rangi ya kijani, "uzito wa kawaida". Nikamwonyesha wifi kwa madaha. Akacheka. "Wifi, hiyo ni ya watu wazima. Mtoto anasomwa kwa umri wake." Akafungua jedwali la Shirika la Afya Duniani: mvulana wa miaka 10 kamili akivuka 18.5 ana uzito uliozidi, akivuka 21.4 ni unene wa kupindukia. Wa msichana wa umri huohuo ni 19.0 na 22.6. Mwanangu alikuwa ameshapita mistari yote miwili na mimi nashangilia rangi ya kijani. Kama una mtoto wa kati ya miaka 5 na 19, usitumie kile kikokotoo cha kawaida. Tafuta chati ya umri na jinsia yake, au nenda kituo cha afya umwombe muuguzi akusomee.

Nilijiuliza ilikuwaje nisijue. Jibu nililipata kwenye sanduku la nyaraka. Kadi yake ya kliniki imejazwa vizuri, mwezi kwa mwezi, halafu inaishia miaka mitano. Baada ya hapo nilimpeleka hospitali kwa malaria na kifua tu, na akipandishwa kwenye mizani ni ili dawa ihesabiwe. Hata utafiti wetu mkubwa una pengo hilohilo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulipima watoto wa chini ya miaka 5, ukapima na wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mtoto wa darasa la nne hayumo kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili. Kwa wadogo waliopimwa, wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 4 tu nchi nzima, namba inayokufanya ulale usingizi. Ila namba ya nchi nzima inamchanganya mtoto wa Tabata, Dar, na mtoto wa Ludewa, Njombe, kwenye sufuria moja. Kwa wanawake picha iko wazi zaidi: unene ni wa mijini kuliko vijijini, na mwanangu anakula meza moja na mimi.

Kabla hujasema basi kijijini ndiko kwenye afya, subiri. Utafiti huohuo ulikuta udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini, lakini Iringa ni karibu asilimia 57, na Njombe na Rukwa ni kama nusu ya watoto. Hii ndiyo mikoa inayotulisha! Mdogo wake yule binamu, wa miaka mitatu, ni mmoja wao. Wifi analijua hilo na linamuuma. Asubuhi yuko shambani, mtoto anabaki na uji mweupe wa mahindi mpaka mchana. Kwa hiyo siandiki hapa kusifia kijiji. Nchi moja inakosea kwa watoto wake kwa namna mbili, na kila namna ina mahali pake.

Kilichonifungua macho ni kiazi. Njombe wanalima viazi mviringo, malori yanavishusha Dar kila usiku. Kwa kaka, kiazi kinachemshwa na chumvi, kinaliwa na maharage. Kiazi hichohicho kikifika getini kwa shule ya mwanangu kinakatwa, kinazamishwa kwenye mafuta yaliyotumika tangu asubuhi, kinamwagiwa tomato sosi, na pembeni kuna juisi ya unga. Nilikuwa nampa shilingi 2,000 kila siku kwa ajili hiyo. Mimi mwenyewe!

Niliporudi nikaandika siku yake nzima kwenye karatasi. Basi la shule linamchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu sisi ni wa kwanza kwenye njia yake. Anarudi saa kumi na moja jioni. Tuisheni, chakula, katuni, kulala saa nne na nusu. Hapo hajapata hata saa saba za usingizi, wakati mtoto wa umri wake anahitaji 9 hadi 12, na usingizi mfupi unaongeza hamu ya kula. Kutembea? Kutoka getini kwetu hadi kwenye basi. Binamu yake anatembea dakika arobaini kwenda shule, na mlima juu. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Mmoja alikuwa anazipita kwa kwenda na kurudi shule tu, mwingine hazipati kwa wiki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumbana. Nilimnyima wali, nikamwita "bonge" nikidhani namtia moyo, na kaka zake wakadaka hilo jina. Akaanza kula kwa siri; nilikuta maganda ya biskuti chini ya godoro. Nililia siku ile. Kosa la pili: nilimpeleka Njombe likizo nyingine nikijua atarudi amepungua. Kweli alirudi amepungua. Kufikia Machi kilo zote zilikuwa zimerudi, kwa sababu basi, geti na 2,000 vilikuwa palepale.

Basi nikaacha kumtengeneza mtoto, nikaanza kutengeneza siku. Wifi aliniambia kwa simu kwamba mtoto anayekua si lazima apungue. Uzito ukisimama na urefu ukaendelea, vitakutana njiani. Tuisheni nimeifuta. Baba yake aligoma wiki mbili nzima, lakini nafasi darasani haikushuka. Anayebisha na aje aone ripoti. Saa tatu taa zinazimwa. Fedha ya shule ni 500, na begi lina viazi vitamu vya kuchemsha au yai na ndizi. Soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Tumeiacha kwa sikukuu, na sote, si yeye peke yake. Dumu la mafuta la lita 5 lilikuwa linaisha wiki tatu, sasa linafika ya tano kwa sababu napima kwa kijiko badala ya kumimina kwa macho.

Michezo ndiyo iliyokuwa ngumu. Mtaani kwetu uwanja umekuwa maghorofa, na nilizoea kufunga geti nikiogopa bodaboda. Tulikubaliana wazazi wanne wa mtaa kwamba kila jioni mmoja anakaa nje na watoto saa nzima: wasichana rede, wavulana chandimu, kombolela wote. Mwanangu alikataa siku tano za kwanza. Baadaye akasema sababu: akitoka wanamweka golini, "kwa sababu unajaza goli".

Mwezi uliopita alitimiza miaka 11 na miezi michache. Nimempima: sentimita 143, kilo 44. Kwa mwaka na kitu ameongeza kilo moja, na BMI ni 21.5. Kwa mvulana wa miaka 11 mstari wa unene wa kupindukia ni 22.5, wa uzito uliozidi ni 19.2. Bado ana safari.

Jana jioni walikuja kumwita, wana upungufu wa golikipa. Nilimsikia akijibu akiwa anafunga kamba za raba: "Siendi golini. Leo nacheza namba tisa."