Jiwe jeusi: manganizi au kitu kingine?

SWALI: Nimepata jiwe jeusi, zito, linaloacha weusi vidoleni kama masizi. Nitajuaje kama ni manganizi?

JIBU: Likwaruze nyuma ya kigae, upande usiong'aa. Mstari mweusi unaelekea pirolusaiti, yaani oksidi ya manganizi (MnO₂). Wa kahawia, manganaiti au hausmanaiti, ambayo pia ni madini ya manganizi. Mwekundu, hematiti, yaani madini ya chuma. Grafiti, ile ya kwenye penseli, nayo huchafua vidole, ila ni nyepesi na huteleza kama imepakwa mafuta.

Kisha saga kidogo, kiasi cha punje ya mchele, udondoshee matone mawili ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Oksidi ya manganizi huichemsha povu papo hapo, kwa kuwa huharakisha kutoka kwa oksijeni. Povu hilo halikuambii kiasi: hata utando mwembamba juu ya jiwe la mchanga hutoa povu, kwa hiyo vunja jiwe upime ndani. Pirolusaiti safi ina manganizi asilimia 63. Jiwe lako litakuwa na chini ya hapo, na kiwango halisi hupimwa maabara.

Usitumie asidi ya haidrokloriki ndani ya nyumba: ikikutana na MnO₂ hutoa klorini, gesi ya sumu. Na usivute vumbi lake. Hudhuru mishipa ya fahamu.