Mbegu za Mlonge Zilipoyachafua Maji ya Ziwa

Maswali ya wasomaji na majibu yake

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, na nyumbani kwetu ni Mwanga, hapa Kigoma. Likizo ndefu ya kiangazi hiki nimeitumia, kwa wiki nane, katika maabara inayoshughulika na teknolojia za kusafisha maji, ambako nilikabidhiwa utafiti mdogo wa kwangu mwenyewe: kulinganisha mbegu za mlonge na shabu katika kutuliza tope. Nilichota maji sehemu mbili, Mto Luiche na ziwani Kibirizi. Maji ya mto yalinifurahisha, kwani yaliingia kwenye bika, yaani glasi ya maabara, yakiwa na tope la NTU 62 (NTU ni kipimo cha wingi wa tope majini) na baada ya mlonge yakashuka hadi 7. Ya ziwa ndiyo yaliyoniaibisha. Yalikuwa na NTU 0.9 kabla sijayagusa, na baada ya kutia mlonge yakapanda hadi 3.4. Nilirudia mara nne, na kila mara yalitoka machafu kuliko yalivyoingia. Mwenzangu mmoja wa maabara ananishauri niifute mistari ya ziwa kwenye jedwali na kuandika habari za mto tu, kwa sababu ripoti yenye jaribio lililoshindwa itanipunguzia alama. Msimamizi wangu amesafiri, na ripoti inatakiwa baada ya siku kumi. Je, niifute? Na nisipoifuta, nitaandika nini?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiifute. Ningeweza kukuhubiria uadilifu hapa na hoja hiyo ingetosha, lakini ipo sababu nyingine iliyo karibu zaidi na kazi yako: jaribio lako halikushindwa. Limekuonesha jambo ambalo watu waliofanya kazi na mlonge wanalijua tangu zamani, nalo umelifikia kwa mikono yako mwenyewe, kwa gharama ya mbegu chache na aibu kidogo.

Tuanze na kilichotokea mtoni. Tope la Luiche ni chembe ndogo mno za udongo, na karibu zote zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana na haziwezi kushikana zikawa nzito kiasi cha kuzama. Ndiyo maana ndoo ya maji ya mto inaweza kulala usiku kucha na asubuhi ukaikuta bado ina rangi ya chai ya maziwa. Ndani ya mbegu ya mlonge mna protini zenye chaji chanya. Ukizikoroga majini, kwanza kwa kasi na kisha polepole, protini hizo hujipachika kwenye chembe za udongo, msukumano unapungua, chembe zinagongana na kushikana, na ndipo yanapotokea yale mabonge laini kama pamba ambayo bila shaka uliyatazama yakishuka taratibu hadi chini ya bika. Sasa jiulize, katika maji ya Kibirizi protini hizo zilimkuta nani? Ziwa Tanganyika ni miongoni mwa maziwa yenye maji maangavu sana duniani. Siku tulivu, mbali na ufukwe, sahani nyeupe ya kupimia uangavu huonekana ingawa imezamishwa zaidi ya mita 10. Hapakuwa na udongo wa kushikwa. Protini zilibaki zikielea, na pamoja nazo mafuta, maana kiini cha mbegu ya mlonge kina mafuta yasiyopungua takriban theluthi moja ya uzito wake. Ule weupe uliopimwa na kifaa chako ni mbegu yenyewe. Ulitia tui kwenye maji safi, ukashangaa maji kuwa meupe.

Dhana hii unaweza kuithibitisha kabla ya siku kumi kwisha, tena kwa asubuhi moja. Chukua maji yaliyokenekwa, ambayo hayana tope lolote, utie kiasi kilekile cha mlonge ulichotia kwenye maji ya ziwa, uyakoroge na kuyatuliza kwa muda uleule, kisha upime. Maji yako ya ziwa yaliongezeka NTU 2.5. Maji yaliyokenekwa yakikupa ongezeko linalokaribia hapo, basi umepata ushahidi kwamba tope hilo lilitoka kwenye kijiko chako na halikutoka ziwani. Sampuli tupu ya namna hii ilipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza, na sikulaumu peke yako, kwa sababu aliyekusimamia naye alipaswa kuikumbuka. Ukibaki na muda, jaribu pia kuyakamua mafuta kutoka kwenye unga kabla ya kuutumia, na kuuloweka katika maji ya chumvi ya kawaida badala ya maji matupu, kwani chumvi huzitoa protini hizo kwa wingi zaidi na dozi inayohitajika hupungua. Hata hivyo, usijirundikie majaribio mapya siku tisa kabla ya kukabidhi. Lile la maji yaliyokenekwa linatosha.

Barua yako imekaa kimya kuhusu mambo mawili ambayo msahihishaji atayauliza. La kwanza ni dozi. Kama uliyapa maji ya NTU 0.9 kiasi kilekile ulichoyapa maji ya NTU 62, liseme hilo waziwazi, kwa kuwa dozi ya dawa ya kutuliza tope hufuata wingi wa tope. La pili ni shabu. Umesema ulikuwa ukilinganisha, kisha shabu haionekani tena. Nadhani imekusahaulika kwa sababu ya uchungu wa mlonge, lakini hapo ndipo maji ya ziwa letu yana habari ya kusimulia. pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, hukaribia 9, wakati shabu hufanya kazi vizuri zaidi maji yanapokuwa na pH ya kati ya 6 na 8 hivi, na yenyewe huishusha pH kila unapoiongeza. Mlonge hauibadilishi pH kwa kiasi cha kusumbua. Ikiwa ulipima pH kabla na baada, jedwali hilo dogo huenda likawa na faida kuliko lile la tope. Ikiwa hukupima, na sampuli zimekwisha, andika kwamba hukupima.

Taja pia tarehe ulizochota maji. Ulikwenda Luiche wakati wa kiangazi, na mtu aliyeuona mto ule mwezi wa Machi, mashamba ya juu yakiwa yamelimwa na mvua imepiga wiki nzima, hatakubali kwamba NTU 62 ndiyo hali yake. Matokeo yako ni ya mto wa kiangazi. Hilo haliyapunguzii thamani, ila msomaji lazima alijue, asije akachukua dozi yako akaitumia masika.

Jambo moja nakuonya kwa ukali. Usiandike mahali popote kwamba maji yaliyotulizwa kwa mlonge ni salama kunywewa. Hujapima vimelea, umepima tope. NTU 7 yenyewe bado ni nyingi, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani hupendekeza tope liwe chini ya NTU 1 ili klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, ifanye kazi yake ipasavyo, na hata pale hali inapokuwa ngumu, lisizidi 5. Tena mlonge huacha majini mabaki ya mbegu ambayo bakteria wanaweza kuyala, na maji hayo yakikaa zaidi ya siku moja huanza kuharibika. Nao uangavu wa ziwa usikudanganye. Mwezi Mei 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga miongoni mwa maelfu ya wakimbizi waliokuwa wamevuka kutoka Burundi, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini, watu walikuwa wakinywa maji ya ziwa hilihili tunalolisifia. Macho hayaoni kimelea, na kifaa chako cha kupima tope hakimwoni pia.

Sasa kuhusu alama. Msahihishaji mwenye uzoefu akiona jedwali ambalo kila kitu kimefaulu huanza kukuna kichwa na kuomba daftari la maabara. Yaweke matokeo ya ziwa mbele, usiyafiche kwenye kiambatisho. Sema mara ngapi ulirudia, na marudio manne ni mengi kuliko wanayofanya wengi. Kisha eleza sababu na uoneshe sampuli tupu. Mimi nilipokuwa na umri kama wako niliufuta usomaji mmoja wa pH kwa sababu haukufanana na wenzake sita. Miezi kadhaa baadaye nilipolifungua tena daftari, nikaona kwamba ule mmoja ndio uliopimwa baada ya kifaa kusawazishwa, na wale sita waliokubaliana walikuwa wamekubaliana katika kosa. Namba yenyewe sikuweza kuirudisha, kwa kuwa niliifuta kwa wembe. Ndiyo maana maabara hutaka kalamu ya wino, na kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha kilichoandikwa kikisomeka.

Mwenzako usigombane naye. Msimamizi wako amesafiri, hajapotea: mtumie jedwali zima leo, pamoja na aya mbili za maelezo, umwombe maoni kabla ya siku ya tano. Akikaa kimya, endelea na ripoti yako kama ilivyo.

SWALI: Ndugu Mwalimu, salaam. Binti yangu anafanya mafunzo kwa vitendo katika maabara ya maji, na kila jioni nikimuuliza amejifunza nini leo ananijibu kwamba ameosha chupa. Hii ni wiki ya pili. Kuosha vyombo anakujua tangu akiwa na miaka saba, sikumsomesha kwa kuuza dagaa miaka yote hii ili aende akaoshe chupa za watu. Je, mtoto wangu anatumikishwa?
Mama, Ujiji

JIBU: Wa alaikum salaam, mama yangu. Nimecheka, kisha nikakuelewa. Kuosha kwa maabara si kuosha kwa jikoni, na wengi wetu tulianzia hapo. Sabuni nyingi zina fosfeti, nayo fosfeti ni mojawapo ya vitu vinavyopimwa katika maji ya ziwa, na katika maji ya juu ya ziwa fosfeti hiyo huwa kidogo mno. Chupa iliyobaki na alama ya sabuni itatoa namba kubwa, na mtu atasema ziwa linachafuka wakati kilichochafuka ni chupa. Kwa hiyo chupa za kazi hiyo haziguswi na sabuni ya dukani. Hulowekwa katika asidi iliyozimuliwa, kisha husuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa.

Ipo chupa nyingine ambayo, baada ya kutayarishwa, haitakiwi kusuuzwa hata kwa tone. Ni ile ya kuchotea maji ya bomba yanayokwenda kupimwa bakteria. Hupitishwa kwenye mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121 kwa dakika 15, na ndani yake huwa mmetiwa dawa kidogo ya kuizima klorini. Mchotaji asiyejua huifungua pale bombani, akaisuuza kwa nia njema kama tunavyosuuza kikombe cha mgeni, na dawa ikaenda na maji. Njiani klorini inaendelea kuua bakteria ndani ya chupa, maabara inahesabu sifuri, na mtaa mzima unaambiwa maji yao hayakuwa na kasoro yalipotoka bombani.

Jioni ya leo muulize binti yako ni chupa gani isiyosuuzwa, na kwa nini. Akikujibu, hatumikishwi, anafundishwa. Asipojua, kosa ni la wanaomwosheza bila kumweleza, na hapo una haki ya kununa. Wiki mbili nazikubali. Wiki ya tatu ikimalizika na bado hajapima sampuli hata moja, amwendee msimamizi wake asubuhi, kabla kazi za siku hazijaanza, aombe jaribio moja, hata likiwa dogo kiasi gani, litakaloandikwa kwa jina lake kwenye daftari.